Hilux ijayo na injini zake: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kuwatafutia watu pikapu na kuzitunza: za mashamba, za wakandarasi, za mashirika. Kwa hiyo kila ikitoka video ya "Hilux ya 2028", simu yangu haipumui. Picha nyingi za video hizo zimechorwa kwa kompyuta, taa za mbele nyembamba kama wembe, na chini ya boneti kumewekwa injini ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitaja. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeona niyaweke yote hapa. Penye ukweli nitasema ni ukweli, na ninapokisia nitasema nakisia.

Hilux mpya imeshatoka au bado ni tetesi?

Imetoka. Toyota waliizindua Bangkok Novemba 2025. Thailand wanaiita Travo, kama ile ya 2004 ilivyoitwa Vigo na ile ya 2015 ikaitwa Revo. Ni kizazi cha tisa tangu Hilux ya kwanza ya mwaka 1968, iliyoundwa na Hino kwa ajili ya Toyota.

Sura ni mpya, dashibodi ni mpya, usukani sasa unasaidiwa na umeme badala ya haidroli, na kuna Hilux ya betri tupu inayouzwa kutoka kiwandani. Lakini ukiinama ukachungulia chini utakutana na ndugu wa zamani: chasisi ya ngazi ya familia ileile ya IMV, springi nyuma, na dizeli ya lita 2.8 iliyokuja na Revo.

Sasa hapo upya uko wapi, kaka? Si wamepaka rangi tu?

Wengi wamelalamika hivyo, hasa Australia. Mimi silalamiki. IMV ni mradi ulioanza 2004, Toyota walipoamua kwamba pikapu hii haitaundwa tena Japani kisha kusafirishwa, bali itaundwa Thailand, Afrika Kusini, Argentina na kwingineko karibu na wanunuzi. Chasisi moja ikazaa Hilux, Fortuner na Innova. Viwanda, mitambo na spea vimejipanga kuizunguka. Kuitupa ni kutupa mtandao mzima, na ndiyo maana spea ya Hilux unaipata Tunduma na unaipata Isiolo.

Ukishalielewa hilo, nusu ya tetesi zinakufa zenyewe.

Kwa hiyo nitaijuaje tetesi yenye kichwa na miguu?

Mimi huanza na jina. Injini ya Toyota ina herufi zake: 1GD, 2TR, 1HZ. Mtu akikuambia "dizeli mpya ya lita 3.0 yenye turbo mbili inakuja kwenye Hilux" na hana hata herufi moja ya kukutajia, anakupigia hadithi ya Sungura na Fisi. Halafu muulize itaundwa wapi. Pikapu za Marekani na pikapu zetu ni koo mbili tofauti. Injini ya Texas haihamii Durban kwa sababu tu imesifiwa YouTube.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni sheria za moshi. Australia, ambako Hilux iliongoza mauzo ya magari yote kuanzia 2016 hadi 2022 kabla ya Ford Ranger kuipiku, ilianza mwaka 2025 kumpimia kila muuzaji wastani wa hewa ya ukaa ya magari yake mapya, na anayezidisha anatozwa. Ulaya nao wana Euro 7 mlangoni. Mnunuzi wa Sumbawanga hakuomba Hilux ya umeme wala ya volti 48, yaani dizeli inayosaidiwa na mota ndogo ya umeme. Zimezaliwa kwa sababu ya madaftari ya Canberra na Brussels.

Kwetu daftari hilo ni jepesi. Ndiyo sababu Toyota ikiiondoa injini kwenye soko moja, mara nyingi unaikuta inaendelea kuuzwa kwenye soko jingine miaka kumi mbele. Ukitaka kukisia Hilux yetu ya kesho, usiangalie kilichowekwa jukwaani kwenye maonyesho. Angalia ambacho bado hawajakiondoa.

Dizeli ya 2.8 itaishi hadi lini?

Twende taratibu hapa, maana ndiyo injini utakayoinunua.

1GD ilikuja 2015 kuchukua nafasi ya 1KD, ile ya lita 3.0 ya Vigo. KD ilikuwa na mkanda wa taiming wa kubadilisha kila kilomita 150,000, na wengi waliousahau walilia. GD ina cheni. Ilianza na nguvu za farasi 177, na mwaka 2020 ikapandishwa hadi 204, huku nguvu ya kuzungusha, ile inayokutoa kwenye matope, ikifika Nm 500 kwa gia za otomatiki. Ya gia za mkono wameibakiza Nm 420. Wauzaji hawaitaji sana tofauti hiyo, na kwetu wengi tunachukua ya mkono.

Januari 2024 ikapata aibu. Toyota Industries, kampuni dada inayotengeneza dizeli hizi, ilikiri kwamba wakati wa kupima nguvu kwa ajili ya vibali ilitumia kompyuta za injini zenye programu tofauti na zile zinazofungwa kwenye magari ya kuuza, ili namba zitoke laini. 1GD, 2GD na V6 ya Land Cruiser 300 zote zilihusika, na usafirishaji ukasimamishwa kwa wiki kadhaa. Toyota walisema magari yaliyoko barabarani hayana tatizo la kuzuia kutumika. Kuna waliotangaza siku ile kwamba GD imezikwa. Haikuzikwa: miezi 22 baadaye ndiyo iliyopanda jukwaani Bangkok ndani ya Hilux mpya.

Kiwanda kikifunga injini kwenye kizazi kipya, kinapanga kuitengeneza kwa miaka mingi ya kizazi hicho. Revo ilikaa zaidi ya miaka kumi. Makisio yangu ni kwamba 2.8 itakuwapo sokoni kwetu katikati ya miaka ya 2030, ikiongezewa vichujio na vifaa vya umeme pembeni, huku mwili wake ukibaki ule ule. Sijaona dalili yoyote ya dizeli mpya kabisa ya kuirithi. Kubuni dizeli kuanzia karatasi nyeupe ni gharama kubwa, na Ulaya iliyokuwa inalipia gharama hizo imeshaipa dizeli mgongo.

Hii ya volti 48 ni haibridi kweli, yaani ya mafuta na umeme pamoja?

Kisheria huko Ulaya wanaiuza kwa jina hilo. Kifundi, hapana: haiwezi kulisukuma gari kwa umeme peke yake. Ni mota ndogo inayofungwa kwa mkanda kwenye injini, inaongeza kilowati 12 na Nm 65 unapoondoka, na ukiachia mafuta inageuka jenereta na kujaza betri ndogo ya kilo 7.6 chini ya kiti cha nyuma. Dizeli inapungua kidogo, na kuzima na kuwaka kwenye foleni kunakuwa laini. Uwezo wa kuvuka maji wa milimita 700 haukuguswa, na hilo ndilo nililoliangalia kwanza.

Ukiweza kuchagua kati ya yenye volti 48 na isiyo nayo, na gari linakwenda kijijini ambako fundi wako ana spana na moyo tu, chukua isiyo nayo.

2.4 ya dizeli na 2.7 ya petroli ndiyo basi tena?

Zimeondolewa kwenye vipeperushi vya nchi tajiri, ndiyo. Hazijafa. 2GD ya lita 2.4 ipo kwenye pikapu ya bei nafuu ya Hilux Champ. Na 2TR, petroli ya lita 2.7, imetoa mfano mzuri kuliko wowote wa hoja yangu. Oktoba 2025 Toyota walionyesha Land Cruiser FJ, kigari kidogo cha kuvutia ambacho mitandao ilishakipa kila aina ya haibridi kabla hakijafunuliwa. Boneti ilipofunguliwa kulikuwa na 2TR, injini iliyoanza kuuzwa 2004, farasi 163, haina turbo, haina betri ya pili. Watu walicheka. Mimi nilimpigia mteja wangu mmoja mwenye Hilux za 2.7 kumwambia spea zake zimepata maisha mapya.

Nimeona Tacoma, pikapu ya Toyota ya Marekani, ina haibridi ya farasi 326. Inakuja kwenye Hilux?

Hii ndiyo tetesi inayorudi kila msimu kama mafua. Tacoma ya sasa ilizinduliwa Mei 2023, ina petroli ya lita 2.4 yenye turbo, na ile ya haibridi inatoa farasi 326 na Nm 630 hivi. Ni mtambo mzuri sana, na umeshaingia kwenye Land Cruiser 250. Tacoma na Land Cruiser hiyo zinakaa kwenye chasisi ya TNGA-F, ileile ya Land Cruiser 300 na Tundra, pikapu yao kubwa ya Marekani. Hilux wamelibakiza kwenye IMV.

Wale waliokuwa na hakika kwamba Hilux ya kizazi cha tisa ingehamia TNGA-F ndio hao hao waliokuwa na hakika kwamba haibridi ingefuata. La kwanza halikutokea. La pili, kwa makisio yangu, huenda likafika nchi zenye petroli safi na sheria kali kabla ya muongo kwisha, kwa sababu washindani wamewabana. Kwa Afrika Mashariki silioni. Turbo ya petroli inayofanya kazi kwenye joto la Garissa, imebeba tani, na mafuta yamepitia mikono mitatu kabla ya kufika kwenye pampu, ni majaribio ambayo hakuna mwenye kampuni ya usafirishaji anayetaka kuyalipia.

Na kabla hujaionea wivu Marekani, kumbuka Tundra. Waliitoa V8 wakaweka V6 ya lita 3.4 yenye turbo mbili, na mwaka 2024 Toyota ikalazimika kuyaita gereji magari kama 100,000 ya Tundra na Lexus LX, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yaliachwa ndani ya injini. Kubadilisha kizazi cha injini kuna ada yake hata kwa Toyota.

Na zile injini mpya ndogo za 1.5 na 2.0 walizotangaza?

Hizo ni za kweli. Mei 2024 Toyota, Subaru na Mazda walisimama pamoja kusema kila mmoja anaendeleza injini mpya zinazoweza kwenda na umeme na mafuta ya sanisi au ya mimea. Toyota walionyesha ya silinda nne za lita 1.5 na nyingine ya lita 2.0, fupi na nyembamba ili magari yawe na boneti za chini. Ile ya 2.0 yenye turbo, G20E, tuliiona Januari 2025 imekalishwa katikati ya GR Yaris ya majaribio.

Ona sababu walizozitoa: udogo, boneti za chini, upepo. Hakuna mwenye Hilux anayelilia boneti ya chini. Siwezi kusema haitaingia kamwe kwenye pikapu, maana ndani ya haibridi ingeweza. Ila anayekuambia imeshathibitishwa kwa Hilux amekudanganya.

Hilux ya umeme itanifaa?

Namba kwanza. Betri ya kilowati-saa 59.2, mota mbele na nyuma, tairi zote nne zinavuta, mzigo kilo 715 hivi, kukokota kilo 1,600, na mwendo wa kilomita 240 kwa vipimo vya Ulaya. Dizeli inabeba kama tani moja na kukokota tani tatu na nusu.

Kilomita 240 za maabara, kiyoyozi kikiwaka na mzigo ukiwa nyuma, zinashuka. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Utafika, ukiwa na macho kwenye geji kuanzia Chalinze. Nairobi hadi Mombasa ni kama 480. Hapo unazungumzia safari ya kulala njiani.

Lakini nisiizike haraka, kwa sababu Toyota hawakuikusudia kwa safari hizo. Thailand waliijaribu kwanza Pattaya, kwenye daladala zao za pikapu zinazozunguka mtaa uleule kutwa na kulala kituo kilekile. Australia walishirikiana na kampuni ya madini ya BHP kujaribu Land Cruiser 70 ya umeme mgodini, ambako moshi wa dizeli chini ya ardhi ni gharama: unalipia mapangaboi makubwa ya kuutoa. Kwetu mantiki hiyo ipo Geita na ipo mbugani. Nairobi, kampuni ya Roam, iliyoanza kwa jina la Opibus mwaka 2017, ilishabadilisha Land Cruiser za safari kuwa za umeme, kwa sababu gari la utalii linakwenda polepole, linarudi kambini kila jioni, na simba haondoki kwa kelele.

Kwa hiyo jibu langu ni swali: gari lako linalala wapi, na hapo pana umeme usiokatika? Kama huna jibu la kueleweka, dizeli.

Haidrojeni je?

Toyota wametaja 2028, kwa Ulaya na Australia. Walishaunda kumi za majaribio kiwandani Derby, Uingereza, kuanzia 2023: matangi matatu, kilo 7.8 za haidrojeni, kilomita zipatazo 600. Inavutia. Bila pampu ya haidrojeni Dodoma, tusipotezeane muda.

Land Cruiser pikapu, ile ya mkonga, wataiua lini?

Kila mwaka mtu ananiandikia kwamba mwaka huu ndio mwisho. Land Cruiser 70 ilianza 1984. Inakaribia kuwa na wajukuu.

Kuna mawili yanachanganywa. Australia wameondokewa na V8 ya dizeli ya lita 4.5, iliyokuwamo tangu 2007, na nafasi yake imechukuliwa na 2.8 ileile ya Hilux. Kelele zilikuwa kubwa, mpaka watu waliposoma karatasi: V8 ilikuwa na Nm 430, hii ya silinda nne ina 500, na farasi zinakaribiana. Walichokililia ni mlio.

Afrika Mashariki wengi wetu hatukuwa na habari hiyo, maana pikapu yetu ya 79, ya ukoo huohuo wa 70, imekuwa ikija na 1HZ. Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.2, haina turbo, pampu ya kimakanika, farasi 130 hivi. Namba hizo ni za aibu kwa gari la bei ile, kwa dereva wa Ulaya. Dereva wa shirika aliyewahi kuivusha Bonde la Rufiji kwenye maji ya Aprili hajawahi kuniuliza farasi ni ngapi. Nozeli za 1HZ zinavumilia dizeli iliyochakachuliwa kwa kiasi ambacho kingeua nozeli za GD kwa wiki. Hainywi kidogo, haina haraka, na fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaifungua na kuifunga.

Tishio lake halisi halitoki kwa wabunifu wa Toyota. Linatoka kwa wanunuzi wakubwa, yaani mashirika ya misaada na migodi, ambao nao sasa wanahesabu moshi wao, na kwa serikali zetu siku zitakapokaza viwango vya magari mapya. Siku hiyo 2.8 imeshasimama mlangoni, imefungwa tayari kwenye chasisi ileile. Ninakisia zitauzwa bega kwa bega kwa miaka kadhaa, 1HZ kwa wanaokwenda mbali na lami na 2.8 kwa wengine wote.

Ile Hilux Champ ya bei chee tutaiona?

Natamani. Ilizaliwa kama gari la maonyesho la IMV 0 lililoonyeshwa Bangkok Desemba 2022, ikaanza kuuzwa Thailand Novemba 2023 kwa baht 459,000 kwa ya chini kabisa. Bodi yake ni ya mistari iliyonyooka, bampa ni vipande unavyobadilisha kimoja kimoja, na nyuma kuna jukwaa tambarare lenye matundu ya bolti kiwandani ili fundi wa bodi afunge anachotaka: banda la kuku, friji ya samaki, ambulansi, kibanda cha chipsi. Injini ni petroli za 2.0 na 2.7 au dizeli ya 2.4. Ufilipino nao wanaiunda kwao, wakairudishia jina la zamani la Tamaraw.

Hii ndiyo pikapu niliyotarajia ije Afrika Mashariki kabla ya nyingine yoyote. Tuna mafundi wa bodi Gerezani na Gikomba ambao wangeifanyia maajabu. Mombasa kuna kiwanda cha AVA kinachounganisha pikapu za Toyota, kwa hiyo mikono ipo. Kinachonitia shaka ni hesabu: Champ mpya ikishapita baharini na kulipiwa ushuru, inakutana bei na mtumba mzuri wa miaka minane, na mnunuzi wetu anapenda dabo kebini yenye viti vya kukunja. Hapo tetesi zinaposema "itafika mwakani", mimi nasema nionyeshe bei kwanza.

Ninaagiza Hilux ya mtumba kutoka Japani. Hilo linahusiana na haya yote?

Linahusiana kuliko unavyodhani, na ningeomba ulisome jibu hili mara mbili.

Hilux ilipotea kwenye soko la Japani kwa miaka 13 ikarudi Septemba 2017, ikitoka Thailand na injini ya 2GD. Kwa kuwa Kenya inaruhusu magari yasiyozidi miaka minane, na Tanzania inatoza zaidi yaliyochakaa, hizo ndizo zinazoingia bandarini sasa. Ni safi, ni nzuri, ina kilomita chache. Lakini imejengwa kwa sheria za moshi za Japani: ina DPF, lile chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na ina tangi la urea, yale maji wanayoyaita AdBlue. Hilux iliyouzwa mpya na mawakala wa kwetu mara nyingi haina vitu hivyo. Jina moja, herufi moja za injini, gari mbili tofauti.

DPF hujisafisha kwa kuchoma masizi moshi ukiwa wa moto, na moshi unapata moto huo kwenye mwendo mrefu usiokatizwa. Ukishinda kati ya Ubungo na Posta haipati nafasi hiyo, inaziba. Si uzembe wa Waswahili: Australia wamiliki wa Hilux, Prado na Fortuner zaidi ya 260,000 za kuanzia Oktoba 2015 hadi Aprili 2020 walikwenda mahakamani juu ya DPF hizohizo, na mahakama ikakubali kwamba zilikuwa na kasoro. Kisha kuna dizeli yenyewe. Januari 2015 nchi tano za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua kubwa sana, lakini vifaa hivi vya kisasa vinataka 10. Na hiyo 50 ni ya karatasi. Ikichanganywa mafuta ya taa njiani hakuna ajuaye. Kenya iliweka tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka juzi nilimletea mteja moja ya hizi, nikasahau kumweleza habari ya urea. Taa ikawaka, fundi akaiziba kwa gundi ya plastiki ili isimsumbue. Gari likagoma kuwaka Makambako saa nne usiku, na aliyepigiwa simu ni mimi.

Utaambiwa "tunalikata DPF na kulifuta kwenye kompyuta". Wanaofanya vizuri ni wachache, na sheria za ukaguzi zinazidi kukaza. Bora uulize kabla hujalipia.

Kuna tetesi za pikapu ndogo ya Toyota Marekani. Na ile EPU?

EPU ilikuwa gari la maonyesho, Tokyo, Oktoba 2023: ya umeme, mita 5.07, haina chasisi ya ngazi. Ile ndogo ya Marekani, ya kumkabili Ford Maverick, wakubwa wa Toyota huko wameizungumzia hadharani, na watu wameshaibatiza Stout, jina la pikapu yao ya zamani. Nadhani itakuja. Itakuwa ya RAV4 kwa damu, ya kubebea baiskeli, na haitatuhusu.

Wachina hawatawalazimisha Toyota kubadilika?

Wameshawalazimisha. BYD Shark iliyozinduliwa Mexico Mei 2024, haibridi ya kuchomeka kwenye umeme, iliingia Australia ikauza kwa kasi iliyowashtua wakongwe, kisha ikaenda Afrika Kusini. Ford wanaunda Ranger ya aina hiyo Silverton, Pretoria. Isuzu wameiweka D-Max dizeli mpya ya 2.2 na pia toleo la betri. Kama kuna kitu kitakachowasukuma Toyota waipe Hilux haibridi ya kweli mapema kuliko ninavyokisia, ni hicho. Shida ya Shark kwetu si nguvu. Nguvu inazo tele. Ni kwamba ikiharibika Kigoma, Kigoma hakuna anayeijua.

Basi nisubiri au ninunue sasa?

Revo ilizinduliwa Thailand Mei 2015, Afrika Kusini ikaanza kuiuza Februari 2016. Tofauti hiyo ya miezi ndiyo kawaida, na bei ya mwanzo ya kizazi kipya haina huruma. Ukihitaji gari la kazi mwaka huu, tafuta Revo za mwisho mwisho, za baada ya maboresho ya 2020, kabla wenye mitumba hawajagundua kwamba kila mtu anazitaka. Unakosa usukani wa umeme na skrini kubwa. Injini ni ileile.

Anayestahili kusubiri ni mwenye magari mengi yanayolala sehemu moja yenye umeme wa uhakika, kwa sababu huyo hesabu za betri zinaweza kumgeukia vizuri. Na anayetaka 79 asisubiri lolote. Foleni ya kuipata tayari ni ndefu.

Swali dogo tu: 5L, ile dizeli ya Hilux za zamani, itarudi?

Hapana. Nami ninayo moja nyuma ya nyumba, na haiuzwi.